Gari ya auto yenye + na −: jinsi ya kutumia gia za mkono bila kuitesa giaboksi

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. "Gari yangu ni auto lakini leva ina upande umeandikwa M, ya nini?" "Nikivuta kwenye minus injini inalia, nimeshaiharibu?" "Nimeweka S4 lakini bado inabadilisha gia yenyewe, ni mbovu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, na kusema kweli kuna watu niliwajibu vibaya kwa haraka, kwa hiyo naandika mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie hii.

Kitu kimoja kikae kichwani kabla ya vyote. Kwenye gari ya klachi wewe ndiye unaingiza gia, ukikosea umekosea. Kwenye auto yenye + na − wewe unaomba tu. Ombi linaenda kwa kompyuta ya giaboksi, inaangalia spidi, mizunguko ya injini, joto la oili, halafu inakubali au inakutolea nje. Robo tatu ya maswali yenu majibu yake yako hapo. Mtindo wenyewe sio mgeni, Porsche waliupa umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Tiptronic yao kwenye 911, leo hata vigari vidogo vya kuendea kazini vinayo, shida ni kwamba ukipewa funguo hakuna anayekaa na wewe kukuelekeza.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Kitabu cha gari. Kama kilipotea kitafute mtandaoni kwa modeli yako na mwaka wake, sio modeli inayofanana fanana. Soma kurasa za giaboksi tu, hazizidi tano sita.
- Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaofanya kazi. Kama gari yako haina mshale huo utatumia sikio, inawezekana ila inachukua muda kuzoea.
- Barabara tupu iliyonyooka, na baadaye mteremko mmoja mrefu ambao unaujua vizuri.
- Gari iliyopata moto. Endesha dakika 15 hivi kwanza, oili ya giaboksi inachelewa kupata joto kuliko maji ya injini.
- Breki nzima. Usije ukajifunza injini breki (kupunguza mwendo kwa kushusha gia, injini ndiyo inashika gari) kwa sababu breki zako zimeisha, hiyo ni safari ya gereji.
- Mtu wa kukaa pembeni akusomee namba ya dashibodi siku ya kwanza, macho yako yabaki barabarani.

Haya twende.

1. Jua umekalia giaboksi ya aina gani

Hapa sitaki nadharia ndefu, lakini ukiruka hii mengine hayataeleweka.

Ya kwanza ni auto ya kawaida, ya tokikonveta (nguvu ya injini inapita kwenye oili badala ya klachi ya mguu). Ina gia za kweli. Za zamani ukiomba gia zinafikiria kidogo, unaweza kuhesabu "moja" kabla hazijajibu, mpya zinajibu papo hapo.

Ya pili ni CVT. Hii haina gia kabisa, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Hizo gia 6 au 7 unazoziona kwenye dashibodi ni za kuigiza, kompyuta inaushikilia mkanda sehemu fulani na kukuandikia namba. Usidharau lakini, ukishusha namba mizunguko inapanda kweli na gari inashikwa kweli. Kuitambua ni rahisi: weka D, kanyaga mafuta vizuri, ukiona RPM imeganda sehemu moja huku spidi inaendelea kupanda, karibu CVT.

Ya tatu ni ya klachi mbili, kama DSG ambayo Volkswagen waliiingiza sokoni 2003. Hii ni haraka sana kwa sababu wakati uko gia ya 3 yenyewe imeshaiweka ya 4 tayari upande wa pili. Ila ukiigeuka ukaomba 2 wakati imeandaa 4, inasita kidogo, usishangae.

Ya nne ni ya klachi moja inayokanyagwa na mota badala ya mguu wako. Hii ndiyo ile inayowafanya abiria watikise vichwa kila gia. Dawa yake: unapopandisha gia legeza mguu kwenye mafuta kidogo kama unavyofanya kwenye gari ya klachi, ikishaingia kanyaga tena.

Wenye haibridi za Toyota, nyie mara nyingi mna herufi B. Hiyo ni ya miteremko mirefu, inaifanya injini isaidie kushika gari, sio "boost" kama anavyosema rafiki yako. Na kwenye magari mengi ya umeme masikio (vile vibapa vya kuvuta kwa vidole) ya nyuma ya usukani hayabadilishi gia kabisa, yanaongeza na kupunguza nguvu ya kujishika gari unapoachia mafuta.

2. Tafuta + iko upande gani

Usiruke hii hata kama umeendesha miaka 20. Toyota nyingi unasukuma leva mbele kupandisha na unavuta nyuma kushusha. BMW na Mazda ni kinyume, mbele ni kushusha, nyuma ni kupandisha. Masikio ya nyuma ya usukani yenyewe kwa kawaida hayana ugomvi, kulia ni +, kushoto ni −.

Mimi yalinikuta. Nimeazimwa gari na rafiki, yangu + iko mbele, yake + iko nyuma. Nalipita lori, RPM iko kwenye 5,000 na kitu, mkono wenyewe ukasukuma leva mbele kama ulivyozoea. Dashibodi ikalia pip pip, namba ikabaki pale pale 3, na mimi nikabaki na leva mkononi nashangaa. Ile pip pip ndiyo iliyoniokoa: niliomba 2 wakati nilitaka 4, na kompyuta ikanikatalia. Ingekuwa gari ya klachi, injini ingepigishwa mizunguko ambayo haikutengenezewa. Toka siku hiyo gari yoyote ngeni naangalia kwanza alama kwenye leva kabla sijawasha.

3. Jua namba unayoiona ina maana gani: M na S sio kitu kimoja

Hapa ndipo wengi mnapotea na wala sio kosa lenu.

Kwenye M ya kweli, namba ni gia uliyopo. M4 ni gia ya 4, itabaki hapo mpaka uombe nyingine au spidi ishuke sana.

Kwenye Toyota nyingi zenye S na + −, namba ni dari. S4 maana yake "usivuke gia ya 4", lakini 1, 2, 3 na 4 yenyewe inachagua inavyotaka. Ndiyo maana umeweka S4, uko spidi 20, injini haikokoti, kumbe iko gia ya 2 wala haijakwambia. Sio mbovu. Ni kama zile za zamani zenye kitufe cha O/D pembeni ya leva, ukibonyeza inawaka O/D OFF na gari haiendi gia ya juu kabisa, basi S ni mtoto wa kile kitufe. Na wewe mwenye gari ya zamani yenye O/D, 2 na L usijione umeachwa, karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini unaweza kukifanya.

Kwenye magari mengine S ni sport tu, inachelewa kupandisha gia. Jaribio: barabara tupu, spidi kama 60, ingiza upande wa + −, soma namba, halafu punguza taratibu mpaka 30 bila kugusa leva. Namba ikibaki kubwa ile ile na injini inaonekana imetulia haikokoti, hiyo ni dari. Namba ikishuka yenyewe 4, 3, 2, hiyo ni gia halisi.

4. Ingia na kutoka, bila kubadilisha chochote

Uko D, spidi 50 au 60, mguu umetulia kwenye mafuta. Peleka leva upande wa M. Hakuna haja ya kukanyaga breki, hakuna haja ya kuachia mafuta, hakuna kitufe cha kubonyeza kwenye gari nyingi. Zingine zikiingia zinashusha gia moja zenyewe, injini inapanda sauti, ni kawaida. Kaa sekunde kumi, rudi D. Fanya mara tano sita mpaka mkono uzoee njia.

ONYO: huo mkono ukizoea hovyo utaipeleka leva N, au mbaya zaidi R. Ujue kwa kidole mchoro wa leva yako. Ukiteleza ukaingia N katikati ya safari usipanic, achia mafuta kwanza, mizunguko ishuke, ndio urudi D. Kurudisha D huku injini inapiga 4,000 ni kuziponda klachi za ndani.

Wenye masikio: ukigusa sikio ukiwa D, gari nyingi zinakupa gia za mkono za muda tu, baada ya sekunde kadhaa za mwendo wa kawaida zinarudi D zenyewe. Nyingi pia ukishikilia sikio la + kwa muda zinarudi D hapo hapo.

5. Pandisha gia mwenyewe

Anza safari ukiwa M, itaanza na 1. Kwa injini ya petroli na mwendo wa kawaida omba + kwenye 2,500 mpaka 3,000, dizeli mapema zaidi, 2,000 inatosha. Omba MARA MOJA, subiri. Kosa la kwanza la kila mgeni ni hili: anagusa +, gari inachelewa nusu sekunde, anadhani haijasikia, anagusa tena na tena, ghafla yuko gia ya 4 spidi 30 na injini inatetemeka. Ilisikia yote hiyo.

Ukisahau kupandisha? Inategemea. Gari nyingine ikikaribia mstari mwekundu inajipandishia, nyingine inakuachia injini ikatikekatike mafuta pale juu, da-da-da-da, mpaka uombe mwenyewe. Yako ni ipi kitabu kitakwambia, usiende kujaribu kwa kukanyaga mpaka chini.

Na ukisimama haina haja ya kushusha moja moja kama gari ya klachi, inarudi 1 yenyewe na haizimi.

6. Shusha gia, hapa ndipo penye kazi

Kabla ya kugusa − jiulize RPM itafika wapi. Hesabu ni nyepesi: RPM uliyonayo zidisha kwa uwiano wa gia unayoiomba, gawanya kwa uwiano wa gia uliyopo. Chukua mfano boksi ya Toyota ya gia 4 iliyotumika kwenye magari mengi, uwiano wake kuanzia gia ya 1 mpaka ya 4 ni 2.804, 1.531, 1.000 na 0.705. Uko gia ya 4, RPM 2,000. Ukishusha 3 utapata kama 2,840. Ukishusha 2 utapata kama 4,340. Ukiomba 1 ni karibu 7,950, hapo ndipo utasikia pip pip na namba haitatembea. Spidi ni ile ile muda wote, ni mizunguko tu inayoruka.

Sasa boksi mpya za gia nyingi ni hadithi tofauti. ZF ya gia 8 (boksi ya kampuni ya Kijerumani, iko kwenye BMW nyingi na wengine wengi) kutoka 8 kwenda 7 RPM inapanda robo tu, yaani 1,400 inakuwa 1,750, hutasikia chochote, ndio maana mtu anasema "minus yangu haishiki gari". Shuka mpaka 4 ndio hiyo 1,400 inakuwa karibu 3,500 na gari inakaa. Kwa hiyo mwenye gia 4 anashusha moja, mwenye gia 8 anashusha tatu au nne, moja moja, anasikilizia kila moja kabla ya inayofuata.

ONYO mbili za hapa. Kwanza, barabara yenye maji, mchanga au matope usishushe gia kwa nguvu hasa kwenye kona, matairi yanayosukuma yanaweza kuteleza sawa sawa na mtu aliyekanyaga breki ghafla. Pili, gari ikishikwa na injini taa za breki za nyuma haziwaki. Aliyekufuata hajui kwamba unapunguza. Gusa breki kidogo zimwonyeshe, halafu endelea.

7. Mteremko mrefu

Kama utatumia + na − kwa kazi moja tu maishani, iwe hii.

Punguza spidi na chagua gia KABLA ya kuanza kushuka, pale juu kabisa. Kanuni ya madereva wa malori inafanya kazi hata kwako: gia ambayo ungepandia mlima huo ndiyo ya kushukia. Sio lazima iwe kamili, ni pa kuanzia.

Halafu achia mafuta usikilize. Gia ikiwa sawa, gari inashuka kwa spidi karibu ile ile na wewe unagusa breki mara moja moja. Kama spidi inazidi kupanda kila ukiachia breki, gia ni kubwa mno: kanyaga breki vizuri ushuke spidi kwanza, kisha shusha gia moja zaidi. Usishushe gia ukitegemea hiyo peke yake ikuvute kutoka 100 mpaka 60, itakukatalia au itakurusha mbele. RPM ya 3,000 au 3,500 kwenye petroli ukishuka ni sawa tu, injini inalalamika kwa sauti lakini haiumii, haibebi mzigo ule wa kupanda.

Kwa nini yote haya? Breki ukizikalia kilomita nzima pedi zinapata moto zinapoteza mshiko, na oili ya breki ikichemka inatoa vipovu, pedali inakuwa laini kama unakanyaga sponji. Kabla hujafika huko kuna harufu, kali, kama kitambaa kilichoungua. Ukiisikia shusha gia, tafuta pa kusimama, na ukishasimama usimwagie rimu maji.

Na wale wa "naweka N nishuke bure nisave mafuta", hapana. Injini za sasa ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, mizunguko ikiwa juu, injekta zinafungwa, hainyunyizi hata tone, gari ndiyo inaizungusha injini. Ukiweka N injini inabidi ijinywee mafuta ili isizime. Kwa hiyo kwenye mteremko N inakula mafuta kuliko gia ya 3, na juu ya hapo umebaki na breki peke yake.

8. Kuovateki

Auto ikiwa D ukikanyaga mpaka chini inashusha gia yenyewe, lakini inafikiria kwanza, na ile sekunde unaihitaji. Kwa hiyo omba − wakati bado uko nyuma ya gari unayotaka kuipita, injini ipande kwenye 3,500 au 4,000, hakikisha mbele ni peupe, ndio utoke. Unatoka ukiwa na nguvu tayari. Ukimaliza kupita na umerudi upande wako ndio unapandisha.

Usishushe gia ukiwa tayari umetoka upande wa pili. Ukikosea hesabu ukakataliwa, au ukafika mstari mwekundu katikati ya lori refu na gari ikakata nguvu, hapo ni pabaya. Kama hujawa na uhakika bado, ovateki kwa D, si aibu.

9. Mlima, mzigo, matope

Mlima ukiwa na mzigo, auto inaanza kuhangaika: inapandisha 4, inashindwa, inashusha 3, inapata nguvu, inapandisha tena. Huo mchezo unachemsha oili ya giaboksi. Shika 3 (au S3), iache hapo mpaka umalize mlima. Ila usiilazimishe gia kubwa huku umekanyaga mafuta mpaka chini na RPM iko 1,300, ile ngurumo nzito na mtikisiko ndio injini inaomba ushushe.

Matope au majani yenye umande: magari mengine yanakubali kuanza na gia ya 2, ukiwa umesimama gusa + uone namba kama inakubali 2. Nguvu inafika kwenye matairi kwa upole hayachimbi. Ikikataa ni hivyo ilivyotengenezwa.

Wenye klachi mbili, hasa zile kavu (klachi zake hazikai kwenye oili), na wenye klachi moja: msiishikilie gari kwenye mlima kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo mkisubiri foleni. Hiyo ni klachi inasuguana pale ndani. Kanyaga breki.

10. Rudi D

Naiandika kama hatua kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Mtu amemaliza mteremko na 3, barabara imenyooka, muziki upo, anakwenda 90 na 3 yake nusu saa nzima, halafu anakuja kuuliza mbona mafuta yanaisha haraka. Jizoeze: barabara ikilala tu, mkono unarudisha D. Kwenye foleni za mjini D, kwenye lami tambarare D. Kuchezea + na − mjini kunafurahisha wiki ya kwanza, baada ya hapo utajikuta umeacha mwenyewe, na giaboksi za sasa zinachagua gia ya kusave mafuta vizuri kuliko mimi na wewe.

Mambo yakienda ndivyo sivyo

*Nagusa + au − hakuna kinachotokea.* Kwanza hakikisha leva iko upande wa M kweli, kuna magari masikio hayafanyi kazi ukiwa D. Pili angalia kama ulichoomba kinawezekana kwa spidi hiyo. Kama hata 60 kwenye barabara tambarare haikubali chochote, na D inafanya kazi vizuri, mara nyingi ni swichi ndogo chini ya leva au waya wa masikio, sio giaboksi. Usikubali kufunguliwa boksi kwa tatizo la swichi.

*Asubuhi haikubali gia ya juu.* Baridi. Magari mengi yanaizuia gia ya juu mpaka injini na oili zipate joto. Ikikubali baada ya dakika kumi, funga mada.

*Nikikanyaga breki kwenye mteremko inashusha gia yenyewe wakati niko D.* Hiyo ni akili yake, imehisi unashuka ikakusaidia. Nzuri tu.

*Kila nikishusha gia inapiga, dundu.* Angalia kwanza kama unashusha RPM ikiwa juu mno. Kama hata kwa upole inapiga, angalia oili ya giaboksi, kiasi na hali yake. Ikinuka kuungua au imekuwa nyeusi nyeusi nenda gereji. Na ukibadilisha weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu, CVT ina oili yake, ukiiwekea ATF (oili ya giaboksi ya auto) ya kawaida kwa sababu "zote ni nyekundu" unaiua.

*Taa ya injini imewaka au namba ya gia inapepesa, gari imeganda gia moja, + na − zimekufa.* Kompyuta imeona hitilafu ikajilinda, imekuachia gia moja ya kukufikisha. Simama salama, zima, subiri dakika chache, washa. Ikirudi kawaida bado usiiamini, ikasomwe kwenye mashine ya kusomea makosa siku hiyo hiyo. Isiporudi endesha pole pole mpaka gereji, usipande nayo milima.

*RPM inapanda lakini gari haiendi, kama klachi inateleza.* Kwenye CVT usichanganye na ile tabia yake ya kawaida niliyoisema mwanzoni, hapa nazungumzia mshale kuruka ghafla bila spidi kubadilika. Acha kujaribu jaribu, kila jaribio linaongeza moto ndani. Kabla ya kwenda kwa fundi andika: ilikuwa gia namba ngapi, spidi ngapi, imeshapata moto au bado, mlimani au tambarare, ukiwa D au M. Ukimwambia tu "inateleza" ataanza kubahatisha, na kubahatisha kwake unakulipia wewe.